Mtungi Upi Unatosha? Hesabu ya Gesi ya Kupikia kwa Kambi ya Wanafunzi Mikumi

Safari ya mafunzo katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ni somo ambalo mwanafunzi halisahau upesi. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230, imepasuliwa katikati na barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa. Katika mbuga ya Mkata huonekana twiga, nyati, pundamilia na tembo. Na kwenye vilima vinavyoizunguka ipo misitu ya miombo, ambayo huendelea hadi ndani ya vijiji vya Wilaya ya Kilosa.

Lakini kambi haiendeshwi kwa kuwatazama wanyama peke yake. Watu lazima wale, na chakula lazima kiive. Mara nyingi mwalimu anayeongoza safari huchukua mtungi wa gesi kwa kukisia: ule ulioko jikoni, au ule unaoingia garini kwa urahisi. Matokeo yake hujulikana. Jioni ya siku ya pili moto hufifia, maharage yakiwa bado magumu, na macho ya wapishi huanza kuitazama miti iliyo jirani. Ndani ya Hifadhi hairuhusiwi kukata miti wala kuokota kuni bila idhini. Nje ya Hifadhi, misitu ya Kilosa kwa miaka mingi imekuwa ikitoa mkaa unaopelekwa Morogoro na Dar es Salaam, nayo haihitaji mzigo zaidi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukubwa wa mtungi unaweza kujulikana kabla ya safari, kwa kutumia fizikia ya sekondari. Yataonyesha pia jambo ambalo wengi hulisahau: mtungi wenye gesi ya kutosha unaweza bado usiitoshe kambi.

Ni gesi gani iliyomo mtungini?

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa haidrokaboni mbili, propani na butani. Katika kanieneo ya kawaida ya hewa, propani huchemka kwenye nyuzi −42 za Selsiasi, na butani karibu na nyuzi 0. Kwa hiyo katika hewa ya Mikumi zote mbili zingekuwa gesi. Zinaposhindiliwa ndani ya mtungi wa chuma hugeuka kimiminika, na kwa njia hiyo gesi nyingi huchukua nafasi ndogo. Lita moja ya kimiminika hicho hutoa zaidi ya lita 200 za gesi.

Isichanganywe na gesi asilia inayochimbwa Songosongo na Mnazi Bay. Hiyo kwa sehemu kubwa ni methani, na methani haiwezi kugeuzwa kimiminika kwa kushindiliwa tu ikiwa halijoto yake imezidi nyuzi −83 hivi. Ndiyo sababu gesi asilia husafirishwa kwa mabomba, ilhali gesi ya mitungi huingizwa nchini kwa meli kutoka ng'ambo.

Ndani ya mtungi, kimiminika hukaa chini na mvuke wake hukaa juu. Vali inapofunguliwa mvuke hutoka, na sehemu ya kimiminika huchemka ili kuijaza nafasi iliyoachwa. Maadamu kimiminika kipo, kanieneo ya mvuke hutegemea halijoto na mchanganyiko wa gesi. Haitegemei wingi wa kilichobaki. Kwenye nyuzi 25, kanieneo ya mvuke wa propani ni kama kilopaskali 950, na ya butani ni kama kilopaskali 240, iwe mtungi umejaa au umebakiwa na robo. Kwa sababu hiyo, ukali wa moto hauwezi kumwambia mpishi kwamba gesi inakaribia kwisha. Shahidi wa kuaminika ni mizani.

Kuusoma mtungi

Nchini Tanzania mitungi inayopatikana zaidi ni ya kilo 3, kilo 6, kilo 15 na kilo 38. Tarakimu hizo ni uzito wa gesi peke yake. Uzito wa chuma kitupu hupigwa chapa kwenye mtungi wenyewe, aghalabu kwenye kola inayoizunguka vali. Basi:

uzito wa gesi = uzito unaoonyeshwa na mizani − uzito wa mtungi mtupu

Kwa mfano, mtungi wa kilo 6 wenye chapa ya kilo 7.4 ukipimwa na kuonyesha kilo 10.9, gesi iliyomo ni kilo 3.5 tu. Anayeuita «mtungi wa kilo 6» amesema kweli kuhusu chuma, wala si kuhusu kilichomo.

Hesabu ya kwanza: gramu ngapi huchemsha lita moja?

Ichukuliwe kwamba maji yana nyuzi 25. Mikumi iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo kwenye nyuzi 98 hivi. Joto linalohitajika kwa lita moja, yaani kilo moja ya maji, ni:

kilojuli 4.2 × (98 − 25) = kilojuli 307

Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa takriban kilojuli 46,000. Lakini si joto lote liingialo katika sufuria. Jingine hupotea pembeni pamoja na hewa ya moto. Ufanisi wa jiko la kawaida la gesi waweza kukadiriwa kuwa nusu. Kwa hiyo kilo moja ya gesi huipa sufuria kilojuli 23,000, na:

307 ÷ 23,000 = kilo 0.0133, yaani gramu 13.3

Sufuria nayo hupashwa moto, na mvuke kiasi hutoroka. Kwa matumizi ya kambi yafaa kuchukua gramu 15 kwa kila lita.

Hesabu ya pili: kilo ngapi kwa siku?

Ichukuliwe kambi ya watu 20, wanafunzi 18 na walimu 2, itakayopikiwa kwa siku 3. Jiko ni lenye kichomeo cha kilowati 2 kwa moto mkali, ambacho hula gramu 157 za gesi kwa saa. Moto ukipunguzwa hadi kilowati 1, hula gramu 78 hivi kwa saa. Mapishi ya siku moja yaweza kuwa haya:

Asubuhi
– chai, lita 8: gramu 120

Mchana
– maji ya ugali, lita 9: gramu 135
– kusonga ugali, nusu saa: gramu 80
– mboga na dagaa, nusu saa: gramu 80

Usiku
– maji ya wali, lita 7: gramu 105
– kukausha wali kwa moto mdogo, nusu saa: gramu 40
– kuchemsha maharage yaliyolowekwa, lita 8 za maji: gramu 120
– kuyaivisha kwa moto mdogo, saa 2: gramu 160
– kukaanga vitunguu na kuunga, dakika 20: gramu 50

Maji ya kunywa
– lita 2 kwa kila mtu, jumla lita 40: gramu 600

Jumla ya siku ni gramu 1,490, yaani karibu kilo moja na nusu.

Mwanafunzi aitazame tena orodha hiyo. Kilichokula gesi nyingi kuliko vyote si maharage wala ugali, bali ni maji ya kunywa. Mpishi aliyekisia kwa kuhesabu milo mitatu asingeyaweka maji hayo katika hesabu yake, naye angekosa gesi bila kujua kosa lilikuwa wapi.

Kwa siku 3 zinahitajika kilo 4.5. Ikiongezwa robo kwa ajili ya upepo na mambo yasiyotarajiwa, hupatikana kilo 5.6. Kwa hesabu hii, mtungi mmoja wa kilo 6 uliojaa unatosha. Mwalimu mwenye haraka angeishia hapa.

Hesabu ya tatu: saa ngapi kwa siku?

Ukubwa wa mtungi hueleza kiasi cha nishati kilichohifadhiwa. Hauelezi nishati hiyo hutolewa kwa kasi gani. Jambo hili la pili hutegemea kichomeo. Katika gramu 1,490 za siku, gramu 1,290 zilihesabiwa kwa moto mkali na gramu 200 kwa moto mdogo. Muda wake ni huu:

1,290 ÷ 157 = saa 8.2
200 ÷ 78 = saa 2.6

Jumla ni karibu saa 11. Mtungi mmoja wenye kichomeo kimoja ungewaka tangu mapambazuko hadi machweo, na mpishi asingeiona mbuga ya Mkata hata mara moja. Gesi ingetosha, lakini chakula cha usiku kingeliwa usiku wa manane.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili. Mtungi ni kama tangi la maji, na kichomeo ni kama bomba lake. Tangi kubwa lenye bomba jembamba halijazi ndoo upesi. Wanafunzi wamefundishwa tofauti hiyo darasani: nishati hupimwa kwa juli, na kasi ya kuitoa hupimwa kwa wati. Kambini tofauti hiyo huonekana katika sufuria.

Je, yafaa kutumia kichomeo kikubwa zaidi juu ya mtungi uleule mdogo? Inawezekana, lakini kwa kiasi. Ili kimiminika kigeuke mvuke kinahitaji joto fiche, na joto hilo hutoka katika kimiminika chenyewe, katika chuma cha mtungi na katika hewa inayouzunguka. Gesi ikivutwa kwa kasi kubwa, mtungi hupoa, umande huonekana ubavuni, kanieneo hushuka na moto hunyongea. Hali hiyo huzidi kimiminika kinapopungua, maana eneo linalopokea joto limepungua pia. Isitoshe, propani hutangulia kuchemka, na sehemu inayobaki mwishoni huwa na butani zaidi, ambayo kanieneo yake ni ndogo. Katika alfajiri ya baridi ya Juni au Julai mpishi huweza kudhani gesi imekwisha, kumbe bado ipo. Katika hali hiyo mtungi usipashwe kwa makaa wala kwa moto wa aina yoyote. Upunguzwe moto wa jiko, na mtungi uachwe upate joto la hewa.

Uamuzi

Kambi hiyo ya watu 20 ina njia tatu.

Ya kwanza ni mitungi miwili ya kilo 6, kila mmoja na jiko lake. Kazi ya saa 11 hugawanywa kuwa saa 5 na nusu kwa kila jiko. Mmoja ukipata hitilafu, mwingine huendelea. Gesi itakayobaki haiharibiki. Hurudi shuleni na kutumika katika maabara au jikoni.

Ya pili ni mtungi mmoja wa kilo 15 wenye jiko la vichomeo viwili. Njia hii yafaa kwa kambi ndefu zaidi. Upungufu wake ni uzito, kwani mtungi huo ukijaa hufikia kilo 30 hivi, na ukiharibika vali kambi nzima hulala bila moto.

Ya tatu ni mtungi mmoja wa kilo 6, ikiwa maji ya kunywa yatapatikana kwa njia nyingine: yakibebwa tayari yamesafishwa, au yakitiwa dawa ya kusafishia maji. Hapo matumizi hushuka hadi gramu 890 kwa siku, kilo 2.7 kwa siku 3, na kilo 3.3 pamoja na akiba. Muda wa moto hushuka hadi saa 7, muda unaowezekana kwa mpishi anayeanza kupika mapema. Mtungi wa kilo 3 hautoshi hata katika njia hii.

Hakuna mtungi ulio bora kwa kila safari. Kuna mtungi unaolingana na idadi ya watu, siku, vyakula na maji.

Kupunguza matumizi

Upepo ni adui mkubwa wa jiko la kambini. Ufanisi ukishuka kutoka nusu hadi asilimia 35, lita moja ya maji huhitaji gramu 19 badala ya 13. Kizuio cha upepo cha bati au mawe husaidia, lakini kiwekwe upande wa upepo tu, kisiuzingire mtungi na kuupasha joto. Sufuria ifunikwe. Maharage yalowekwe tangu usiku uliotangulia. Chungu kikianza kuchemka moto upunguzwe. Maji yanayochemka kwa nguvu hayana halijoto kubwa kuliko yanayochemka polepole, bali hupoteza mvuke mwingi. Na maji ya kunywa yakishachemka kwa dakika moja yatosha.

Usalama

Mitungi midogo mara nyingi hutumiwa kichomeo kikiwa kimefungwa juu ya vali yake. Kwa sufuria ya chai ya watu watatu hakuna tatizo. Lakini sufuria ya ugali wa watu 20 huweza kuzidi kilo 15, na husongwa kwa mwiko kwa nguvu za mikono miwili. Kadiri gesi inavyotumika, mtungi ulio chini huwa mwepesi na kitovu cha uzito cha vyote pamoja hupanda juu. Msukumo mdogo wa mwiko waweza kuviangusha vyote. Kwa hiyo sufuria kubwa zipikiwe kwenye jiko la chuma lililokaa imara chini, likiunganishwa na mtungi kwa mpira wa gesi na regulata.

Mambo mengine ya kuzingatiwa ni haya:

1. Mtungi usimame wima wakati wote, garini na kambini. Ukilazwa, kimiminika badala ya mvuke huweza kuingia katika jiko na kutoa mwali mkubwa.

2. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, na butani mara mbili. Gesi inayovuja hutambaa na kutulia mabondeni. Mtungi usiwekwe shimoni wala ndani ya hema.

3. Uvujaji ukaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe usikaguliwe kwa kiberiti. Gesi yenyewe haina harufu. Harufu mbaya inayosikika imetiwa kwa makusudi ili iwe onyo.

4. Jiko lisiwashwe ndani ya hema. Hewa ikipungua, gesi haiungui kikamilifu na hutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu.

5. Majani yafyekwe au yafagiliwe kulizunguka jiko. Miezi ya kiangazi nyasi za Mkata hukauka, na cheche moja hutosha.

Kutoka kambini hadi shuleni

Ni miti kiasi gani iliyookolewa? Kambi ile ilihitaji sufuria zipate kilojuli 34,000 kwa siku. Kilo ya mkaa ina takriban kilojuli 29,000, na jiko zuri la mkaa lina ufanisi wa robo. Zingehitajika kilo 4.7 za mkaa kwa siku, yaani kilo 14 kwa siku 3. Tanuri la udongo la kienyeji likitoa kilo 15 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu, mkaa huo ungegharimu kilo 70 hadi 95 za kuni: mti mzima kwa watu 20 na siku 3.

Wanakijiji wa Kilosa wanalijua jambo hili kwa uzoefu. Tangu mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo vilianza kuvuna mkaa kwa mpango, msitu ukigawanywa vipande na kila kipande kikiachwa kichipue baada ya kuvunwa. Upande mwingine wa mizani ni mtumiaji. Serikali iliziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 uliweka shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Shule nyingi za bweni zimo katika idadi hiyo. Swali litakaloikabili bodi ya shule ni lilelile la kambini, ila kwa tarakimu kubwa zaidi: gesi kiasi gani, na kwa vichomeo vingapi? Mwanafunzi aliyelijibu Mikumi kwa watu 20 ataweza kulijibu shuleni kwa watu 400.

Jaribio

Pima uzito wa mtungi mdogo pamoja na kichomeo chake. Chemsha lita 4 za maji katika sufuria iliyofunikwa, ukiandika halijoto ya mwanzo na ya mwisho. Zima, acha upoe, pima tena. Kwa tofauti ya uzito, kokotoa ufanisi wa jiko. Rudia bila kifuniko, kisha mahali penye upepo. Mizani isomeke hadi gramu 10 au chini ya hapo.

Maswali

1. Watu 10 watapiga kambi kwa siku 2 kwa mapishi yaleyale pamoja na maji ya kunywa. Chagua mtungi, ukiweka akiba ya robo.

2. Mtungi uliotajwa katika «Kuusoma mtungi» wapelekwa katika kambi ya watu 20 kwa siku 3, maji ya kunywa yakiwa yamebebwa. Je, gesi inatosha?

3. Mbona moto wa jiko haupungui gesi inapofika nusu ya mtungi?

Majibu

1. Gramu 745 × 2 × 1.25 = kilo 1.9, mtungi wa kilo 3 unatosha. 2. Inatosha, kwani kilo 3.5 huzidi kilo 3.3, lakini kwa kiasi kidogo sana. 3. Kwa sababu kimiminika kingalipo, na kanieneo ya mvuke wake hufuata halijoto, si wingi wake.